Usiniulize tena dozi ya maji ya fedha

Juzi baada ya isha nimepata ujumbe wa sauti kutoka kwa msomaji wa Wete. "Dada, wewe umekunywa maji ya silva muda mrefu. Nambie ninywe kiasi gani kwa siku nisibadilike rangi?" Nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika. Ya tatu nikaenda mlangoni kutazama kucha zangu.

Kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyekusifieni maji yale hapahapa, maji yenye chembe za madini ya fedha, hiyo silva ya vikuku. Na najua sote humu tunataka kitu kimoja: afya yetu bila ya foleni ya hospitali.

Mimi nilianza kwa mafua yasiyokwisha. Mtu wa mwani nikiwa Paje, maji yakipwa nipo pwani, jua liko utosini, kamasi hazinikauki. Shoga yangu niliyesoma naye chuo akaniletea chupa. Alikuwa akitengeneza mwenyewe: vijiti viwili vya fedha, betri, jagi la maji. Siku moja alinionyesha. Unaona kama moshi mwembamba unateremka majini kutoka kwenye kijiti, na moyo unakwambia hii ni dawa kweli. Nikaanza na kijiko cha chai. Baadaye kikombe cha kahawa, kutwa mara tatu. Mafua yalipoa, kama mafua yote yanavyopoa, nami sifa nikaipa chupa.

Nisikuchosheni na mwaka na nusu wa katikati.

Msimu ule ilikuwa harusi juu ya harusi, hina haikunitoka kuchani. Ilipokwisha na kucha kukua, nikaona pale chini, penye kile kijisehemu cheupe mfano wa mwezi mwandamo, pamefanya ubuluu kama wino uliochujuka. Nikasugua kwa ndimu. Wapi! Fizi nazo vilevile. Mdogo wangu ndiye aliyenitolea uvivu: "Dada, mbona uso kama jivu?"

Daktari akaniambia inaitwa argiria. Fedha ikiingia mwilini sehemu yake hubakia kwenye ngozi, na mwanga wa jua huifanya iwe nyeusi zaidi, kama filamu za picha za zamani. Basi nikakumbuka kikuku cha bibi, kinavyofanya weusi kabatini. Lakini kikuku unakisugua kikang'aa. Paji langu la uso nilisugue na nini? Wapo waliopigwa leza nchi za nje na wakapata nafuu, ila kwa kawaida rangi hii haitoki. Na msijidanganye kwamba sisi weusi haituonekani. Mimi watoto wa jirani wananiuliza kama naumwa.

Marekani alikuwapo Paul Karason, alikunywa ya kutengeneza nyumbani miaka na miaka. Uso ulikuwa buluu kabisa, akaonyeshwa kwenye televisheni duniani kote. Amefariki 2013 na rangi yake.

Haya, dozi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeweka mpaka wa mikrogramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ili ngozi isibadilike. Mimi nina kilo 60, yaani mikrogramu 300. Maji ya shoga yangu alisema ni miligramu 10 kwa lita. Vikombe vyangu vitatu ni kama mililita 150, kwa hiyo mikrogramu 1,500: mara tano ya mpaka, ikiwa alisema kweli. Na angejuaje? Hakuwa na cha kupimia. Hata ya dukani, wewe unaisoma karatasi tu, huipimi.

Tena mpaka ule hausemi kwamba ukinywa chini yake utapona kitu. Mwili hauna kazi na fedha, si kama chuma au zinki. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamua kwamba dawa za aina hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa ni salama wala kwamba zinatibu. Fedha ya kupaka kwenye majeraha ya moto ni jambo jengine, hiyo anaitoa daktari.

Kwa hiyo, acha. Kama hujaanza, usianze. Kama unakunywa kidogo, acha hicho kidogo. Ukienda kwa daktari mwambie ulikuwa unakunywa, hasa ukiwa unatumia dawa ya tezi la shingo au baadhi ya antibayotiki, kwani fedha inazuia zisiingie mwilini sawasawa. Jua likwepe, mtandio ushuke mpaka usoni. Mimi sasa pwani navaa kofia ya ukindu juu ya mtandio, wanicheke.

Shoga yangu bado anauza. Tunasalimiana. Samahani sijaisikia.

Na wewe wa Wete, safisha hina, kaa penye mwanga wa mchana, piga picha kucha zako kumi. Nitumie mimi, usimpelekee yule anayekuuzia.