Je, Ni Lazima Nimwambie Niliyemsengenya?

Swali: Assalaam alaykum, Sheikh. Nilimsema vibaya rafiki yangu mbele ya wenzetu wawili, na niliyoyasema ni kweli tupu. Nimejuta na nimetubia. Je, ni lazima nimwendee nimweleze ili anisamehe? Hajui lolote, na nachelea urafiki wetu utakufa.

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hilo la "kweli tupu" lisikupe nafuu, ndugu yangu. Mtume (S.A.W.) aliulizwa lilo hilo: je, kama ninayoyasema anayo? Akajibu kuwa kama anayo umemsengenya, na kama hana umemzulia. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim katika kitabu chake cha hadithi.

Ama kumwambia, wanazuoni wamehitilafiana. Imam An-Nawawi ametaja masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta na kuazimia kutoirudia, na ikiwa ni haki ya mja, la nne ni kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Katika kitabu cha hadithi cha Bukhari nako tumeamrishwa tuhalalishiane, yaani tutakane radhi kwa tuliyodhulumiana, leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu, Siku ya Kiyama. Ndiyo maana wako waliosema ni lazima umwambie. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wao wanaona kwamba ikiwa habari haijamfikia, usimwambie: muombee maghfira (msamaha wa Mwenyezi Mungu), na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Mali uliyomwibia ukiirudisha itamfaa. Maneno ukimpelekea yatamchoma tu.

Nami naegemea kauli hii ya pili. Miaka kadhaa nyuma mtu alinishika mkono baada ya swala ya Isha, akaniambia, "Nihalalishie, nilikusema." Nikamsamehe papo hapo. Akavaa viatu vyake akaenda zake mwepesi. Mimi nikabaki mlangoni, kiatu kimoja mguuni kimoja mkononi, nikijiuliza alisema nini, na kwa nani. Usiku ule nilizipitia nyuso za wote tuliosimama safu moja. Yeye ametua mzigo, mimi nimeubeba hadi nyumbani.

Lakini usidhani umepewa njia ya mkato. Wale wawili bado wanamwona rafiki yako kwa macho uliyowapa wewe. Warudie, uwaambie: "Siku ile nilimsema fulani, na sikuwa na haki." Kisha utaje jema lake unalolijua kwa yakini, maana kumsifu kwa uongo ni dhambi nyingine. Maneno yatakukwama kooni. Vumilia, aibu hiyo ni stahiki yako, si yake.

Ikiwa habari imeshamfikia, au amekosa kazi au posa kwa sababu ya maneno yako, hapo kunyamaza hakufai. Mwendee, mtake radhi, na urekebishe ulichoharibu kadiri uwezavyo, hata kama hutamsomea neno kwa neno.

Na ikitokea siku akakuuliza mwenyewe, "Uliwahi kunisema?", usikane.

Wallahu a'lam.