Usiwashe AC Mpya Kabla Hujaiona Pampu

Joto la Desemba mpaka Machi huku pwani halihitaji maelezo, na ndo miezi watu wananunua AC kwa wingi na mafundi wanakimbizana nyumba hadi nyumba. Maswali mengi mliyotuma safari hii ni ya siku ya kufunga na siku ya kuwasha mara ya kwanza, nimechukua yale yanayowagusa wengi.

*SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua AC ya 12,000 BTU, gesi yake R410A. Fundi alikuja akamaliza kwa saa moja na nusu tu. Nilishasikia lazima pampu ya kuvuta hewa itumike, nikamuuliza, akasema hizi ndogo hazihitaji, akalegeza nati moja akafungulia gesi kidogo ikapiga "fyuuu", akakaza, akasema hewa imeshatoka. Inapiga baridi safi kabisa. Niwe na wasiwasi au nitulie? Msomaji, Tabata*

Marahaba. Usitulie bado. Kupiga baridi siku ya kwanza hakuthibitishi kitu, AC iliyofungwa vibaya nayo inapiga baridi wiki ya kwanza na hata miezi kadhaa, halafu siku moja kompresa, ile inayosukuma gesi kwenye mashine ya nje, inakufa na duka linakwambia waranti haihusiki na makosa ya ufungaji.

Mashine ya nje inakuja na gesi yake ndani, imefungiwa na valvu mbili. Lakini zile paipu za kopa alizopitisha ukutani pamoja na yuniti ya ndani, zikishafunguliwa tu zinajaa hewa ya Dar, na hewa ya Dar unaijua, nguo unaanika jioni asubuhi bado mbichi. Sasa hewa ikibaki mle ndani inazunguka na gesi ila yenyewe haigeuki kuwa kimiminika kama gesi inavyogeuka, inajikusanya upande wa presha kubwa inakula nafasi, presha inapanda, kompresa inachemka, na luku inaisha haraka bila wewe kujua kwa nini. Hapo nimesema hewa tu, unyevu ndo mbaya zaidi. Oili ya mashine za R410A na R32, gesi za AC za siku hizi, ni ya sintetiki na inanyonya maji vibaya sana, ikishanyonya halafu ikapata joto la kompresa inazaa asidi, na asidi hiyo inakula ile vanishi ya waya za mota taratibu taratibu mpaka siku inapiga shoti humo humo ndani. Ukiuliza watu watakwambia "umeme wa TANESCO umeua AC yangu", kumbe iliuawa siku ile ile ya kufungwa.

Hiyo staili ya kupuliza ni ya enzi za R22, gesi ya zamani, oili yake ya madini haikuwa inanyonya maji kiasi hiki, na mafundi wengi walirithi hivyo kwa wakubwa wao, sitaki kuwatukana. Lakini mashine zimebadilika, na kupuliza kunatoa sehemu ya hewa tu, unyevu uliogandia kwenye kuta za paipu hautoki kwa "fyuuu". Unatoka kwa pampu, kwa sababu maji yanachemka kwa presha ndogo: kwenye nyuzi 30 za joto la kawaida ukishusha presha mpaka kama milibari 42, wakati ya nje ni kama 1,013, maji yanachemka yenyewe bila moto, yanakuwa mvuke na pampu inauvuta. Ndo maana pampu inaendelea kuachwa nusu saa au zaidi hata kama mshale wa geji umeshafika chini ndani ya dakika chache. Geji ya kawaida ikisoma chini ya sifuri mpaka mwisho haikwambii kama unyevu umeisha, fundi aliyekamilika anayo geji ya maikroni, inayopima presha ndogo sana, na anataka ishuke chini ya maikroni 500. Asiyekuwa nayo angalau aache nusu saa, afunge valvu za geji, azime pampu, asubiri dakika 10 mpaka 15 aangalie mshale. Ukipanda kuna panapovuja au bado kuna maji ndani.

Kwako wewe bado mapema, na hiyo ni bahati. Tafuta fundi mwenye pampu, mashine ya kuvutia gesi na mtungi wake, na mizani. Aivute gesi yote iliyochanganyika aiweke kwenye mtungi, asiiachie hewani maana kilo moja ya R410A inapasha dunia joto kuliko kilo 2,000 za kaboni dioksaidi, halafu apige vakyum, yaani avute hewa na unyevu kwa pampu kama nilivyoeleza, na aweke gesi mpya kwa kupima uzito ulioandikwa kwenye stika ya mashine ya nje. Kwa uzito, sio kwa kukisia na geji. Utalipia, najua inauma, ila kompresa mpya inauma zaidi.

*SWALI: Fundi habari za kazi. Chumba changu kina soketi moja tu karibu na kitanda, nataka nitumie eksitensheni nzito kupeleka umeme kwenye AC, pia nina ile friji gadi naweza kuitumia? Msomaji, Mbezi*

Eksitensheni hapana, hata iwe nzito vipi. AC ya 12,000 BTU inakula kama ampia 5 ikishatulia, ila zile zisizo inveta, yaani zisizobadilisha kasi ya kompresa, zikianza kuzunguka zinavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi, na inafanya hivyo mchana na usiku, kwa hiyo pale kwenye plagi panapolegea kidogo pana joto kila siku mpaka plastiki inaanza kunuka. Moto mwingi wa nyumbani unaanzia kwenye maungio ya namna hiyo, watu wamelala.

Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 2.5 na breka yake ya ampia 16 au 20 kwa hizi za 9,000 na 12,000, kubwa zaidi fuata kitabu cha mashine. Na waya wa ethi ufike kweli kwenye bodi ya mashine ya nje na ya ndani, halafu ethi yenyewe iwe imechimbiwa ardhini. Nyumba nyingi nilizoingia waya wa kijani na njano upo kwenye soketi, ukiufuata nje unakuta umekatwa umening'inia hauendi popote. Kama una RCCB, ile breka inayokata umeme ukivuja, bonyeza kile kitufe cha TEST uone kama inakata. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, fundi AC mzuri sio lazima awe fundi umeme mzuri.

Friji gadi iache kwenye friji. Nyingi ni za ampia 5 na AC itaichoma, nunua gadi ya AC yenyewe, ya ampia 16 au zaidi. Umuhimu wake ni pale umeme ukikatika ukarudi ghafla, inasubiri dakika tatu au zaidi kabla ya kuruhusu, ili presha ndani ya mashine isawazike, maana kompresa ikilazimishwa kuanza huku upande mmoja bado una presha kubwa inakwama.

*SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma VETA niko fildi kwa fundi mmoja mtaani. Hatuna naitrojeni kwa hiyo kupima kama paipu zinavuja anatumia mtungi wa oksijeni wa kuchomelea. Ni sawa?*

Marahaba mwanangu. Sio sawa, na nakuomba kuanzia kesho usisimame karibu na mashine inayopimwa hivyo. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inawaka yenyewe bila kiberiti, na kompresa imejaa oili. Inalipuka kama bomu, wapo mafundi sehemu mbalimbali duniani waliokufa kwa hili hili. Gesi ya kupimia ni naitrojeni kavu, tena kwa regyuleta maana mtungi uliojaa una presha ambayo ukiifungulia moja kwa moja inapasua yuniti ya ndani. Pandisha kidogo kidogo na usivuke presha iliyoandikwa kwenye stika ya mashine. Kumbuka pia geji na mipira ya R22 usiitumie kwenye R410A, presha ya R410A ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya R22.

Na kwa kuwa bado unajifunza nikuongeze la pili ambalo linaua vile vile. Mkihamisha AC mnarudisha gesi kwenye mashine ya nje kwanza: unaunga geji, unawasha kwenye baridi, unafunga valvu ya paipu nyembamba, unaangalia mshale ukikaribia sifuri unafunga valvu ya paipu nene na unazima hapo hapo. Usifungue nati yoyote kompresa ikiwa inazunguka, wala usiiache izunguke huku paipu imepasuka mahali au valvu imesahaulika, itavuta hewa, itaikandamiza pamoja na oili, na kompresa inaweza kulipuka mikononi mwako. Kwa R32 ongeza jingine, gesi hiyo inashika moto kwa hiyo hakuna kuchomelea paipu ambayo bado ina gesi, hakuna sigara, madirisha wazi.

*SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nipo Mombasa, ghorofa ya tatu, bahari naiona. AC ya jirani mashine ya nje imeliwa na kutu hata haijamaliza miaka mingi. Yangu niiweke wapi? Msomaji, Nyali*

Waaleikum salaam. Chumvi ya bahari huwezi kuizuia ila unaweza kuipunguza. Ukipata ukuta usiotazama bahari moja kwa moja weka huko, hata kama paipu itaongezeka mita mbili tatu, na kama imezidi urefu ulioandikwa kwenye kitabu fundi aongeze gesi kwa gramu za kila mita. Mabano ya kubebea yawe ya mabati ya kuzamishwa kwenye zinki au stenlesi, bolti vile vile, maana mashine kuanguka kutoka ghorofa ya tatu ni mtu kufa chini. Zile fini za alumini nyuma ya mashine zioshe kwa maji baridi ya mpira kila mwezi, breka ikiwa imezimwa, mpira wa kawaida sio mashine ya presha ya kuoshea magari kwa sababu zinapinda. Nyuma uache nafasi kama inavyosema kitabu, mbele pawe wazi kabisa, usije ukaijengea kiboksi cha grili ikakosa pumzi. Na anayefunga awe na mkanda wa usalama uliofungwa sehemu imara, kama hana mwambie akautafute kwanza.

*SWALI: AC inadondosha maji ukutani, imefungwa wiki iliyopita tu. Msomaji, Tanga*

Mpira wa maji umepanda mahali fulani au tundu la ukutani limeinama kuja ndani. Lazima tundu liiname kwenda nje na mpira ushuke njia nzima bila kupinda juu, na mwisho wake usizame kwenye ndoo au matope. Mwite aliyefunga arudi, hilo ni lake.

*SWALI: Fundi, anakuja Jumamosi kufunga, mume wangu yuko safari kwa hiyo mimi ndo nitasimamia na sijui chochote. Niangalie nini kabla hajaondoka? Msomaji, Kigamboni*

Dada, utaweza vizuri tu. Kabla hata hajatoboa ukuta muulize pampu iko wapi, kama hajaja nayo kazi isianze, mpange siku nyingine. Akishaunga kila kitu na kupiga vakyum umeme ukiwa bado umezimwa kwenye breka, mwombe amwage jagi la maji kwenye sinia ya yuniti ya ndani uone yanatoka nje kwa mpira bila kudondosha.

Halafu ndo valvu. Anafungua ile ya paipu nyembamba kidogo kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, anapaka povu la sabuni kwenye nati zote nne, mbili za ndani na mbili za nje, hakuna kipovu kinachokua ndo anafungua zote mbili mpaka mwisho na kukaza vifuniko vyake. Hapa simama naye kabisa. Mashine ikiwashwa valvu zikiwa zimefungwa, au ikiwa bado kwenye vakyum, kompresa inaweza kuungua siku hiyo hiyo.

Kuhusu waya za kati ya ndani na nje, namba kwa namba na rangi kwa rangi. Kwenye inveta waya mmoja unapeleka mawasiliano ya bodi, ukibadilishana na wa umeme bodi inakufa. Waya huo usiungwe katikati kwa tepu, uwe mzima.

Sasa breka juu, rimoti kwenye baridi, shusha mpaka nyuzi ya chini kabisa kwa kujaribia. Mashine ya nje inaweza kukaa mpaka dakika tatu kabla haijazunguka, usiogope wala usibonyeze rimoti mara kwa mara. Iache kama dakika 15 mpaka 20. Hewa inayotoka iwe na baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi kama 8 mpaka 12, paipu nene pale nje iwe ya baridi na inatoka jasho. Barafu sio dalili nzuri, ukiiona gesi ni pungufu au hewa haipiti. Afunge ile mita ya ampia kwenye waya mmoja akusomee, isizidi iliyoandikwa kwenye stika. Kukiwa na mtikisiko wa kugongagonga ukutani azime akaze.

Piga picha stika ya mashine ya nje na geji wakati wa vakyum, uweke pamoja na risiti. Baada ya hapo iweke nyuzi 24 au 25, na filta za ndani zioshe kila baada ya wiki mbili, hizo unazitoa mwenyewe kwa mkono bila fundi.