Niliuza Kiwanja cha Kisesa Kununua Injini Nisiyoihitaji

Jumanne usiku nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Sengerema. Nauweka kama ulivyo, jina tu nimelitoa: "Kaka shikamoo. Noah yangu inagonga chini ya kiti. Fundi kasema imenoki, nitafute injini nyingine. Nimeshapata mteja wa kiwanja. Unanishauri nini?"

Niliposoma neno kiwanja nikaweka simu mezani, nikatoka nje kupunga upepo. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Kuna mambo ambayo mimi na yeye tulikubaliana tusiyaongelee tena, na kiwanja cha Kisesa ndilo la kwanza. Lakini hapa sina wa kunizuia, kwa hiyo ngoja niseme.

Yangu ni Noah ya mwaka 1999, ile SR40 ya zamani, injini 3S, otomatiki. Wenye nazo mnajua injini yake inakaa wapi: chini ya viti vya mbele. Dereva unaikalia. Ikianza kulia husikii kwa masikio tu, unasikia kwa makalio. Ndiyo gari iliyonisomeshea watoto wawili, kwa kubeba dagaa wakavu kutoka Mwaloni Kirumba na kuwapelekea wateja wa Magu na Lamadi, na siku za Jumapili kubeba wanakwaya. Sina aibu kusema mtaani kwetu nilikuwa wa kwanza kufanya ile biashara kwa Noah badala ya kuning'inia kwenye malori ya watu. Na najua wewe unayenisoma una Noah moja na usiku huwa unapiga hesabu ya namna zitakavyokuwa mbili. Mimi hesabu hiyo nilishaimaliza. Ya pili ilikuwa niichukue mwaka ule ule ya kwanza ilipoanza kugonga.

Ilianza asubuhi, natoka mjini Mwanza kwenda Magu. Nilipita Buzuruga na Nyakato salama, nikasimama Igoma kuongeza abiria. Gari likiwa linaunguruma palepale ndipo nikasikia: ko, ko, ko. Siyo kubwa. Kama mtu anagonga mlango wa jirani kwa kidole kimoja. Nikaongeza redio. Ndiyo, mimi mwenyewe, mtu mzima, dawa niliyoitoa ilikuwa kuongeza redio.

Kufika Kisesa redio haikutosha tena. Nikageuza, nikarudi gereji Nyakato kwa fundi niliyemzoea. Hakuzima hata sigara. Alisikiliza akiwa amesimama nje, mikono mfukoni, akatikisa kichwa kama mganga aliyeona kitu kwenye maji. "Bosi, konrodi hiyo. Injini imenoki. Ukiendelea kuendesha itatoboa bloku."

Hakuchomoa kijiti cha oili wala kunyanyua kiti. Na mimi, niliyekuwa najiona mjanja wa mjini, sikumuuliza swali hata moja, kwa sababu nilikuwa naogopa kuonekana sijui magari. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Wiki tatu za kuuza kiwanja naziruka, hazina utamu. Kiwanja kilitoka kwa bei ya mtu mwenye shida. Injini ya mtumba nikainunua milioni 2 na laki 3, ufundi laki 3. Ilikuja bila lile bati la nyuma, na fundi akasema hiyo siyo shida, tutahamisha la zamani. Kumbukeni sentensi hiyo. Injini yangu ya zamani fundi alinitafutia mnunuzi, nikapewa laki 4 kama chuma chakavu, nikashukuru na kushukuru.

Siku ya kuwasha tulikuwa watu kama sita gereji. Fundi akawasha. Injini ikapokea mara moja, safi, kila mtu akapiga makofi. Kisha makofi yakaisha, na katika ule ukimya nikasikia: ko, ko, ko.

Sikiliza, sijawahi kulia kwa ajili ya gari. Siku hiyo nilienda nyuma ya gereji kujifanya naongea na simu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kirumba, fundi mstaafu wa injini za boti, ambaye siku hizi anakaa kwenye benchi kando ya duka la spea na kunywa chai ya tangawizi. Nilimfuata kwa kukata tamaa. Alikuja na vitu viwili tu: bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao na tochi ya simu.

Kabla ya kugusa gari akaanza maswali, kama daktari. "Ngosha, inalia ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Inalia ukikanyaga au ukiachia? Ikiwa imesimama inakuwaje? Taa ya oili imewahi kuwaka?" Nikagundua nimeishi na kelele ile wiki kadhaa na sijui kujibu hata nusu. Nilijua kulia tu.

Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ipo. Akaisugua kati ya vidole viwili na kuielekeza kwenye jua. Haing'ai, yaani haina chembe za chuma. Akanyanyua kiti, akasema niwashe. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akahamia ubavuni mwa bloku. Akaingia chini, akaweka kwenye sampo, lile beseni la oili la chini ya injini. Akasogea nyuma zaidi, pale injini inapokutana na giaboksi, na hapo akakaa muda mrefu. Akanipa bisibisi. "Sikiliza mwenyewe."

Kwenye sampo ilikuwa inasikika kwa mbali, kama nyumba ya tatu. Kule nyuma ilikuwa kama mtu anapiga nyundo ndani ya sikio langu.

Lakini hakutangaza ugonjwa. Akachomoa nyaya za plagi moja moja injini ikiwa inawaka, kwa koleo lenye mpira, maana umeme wake si wa kuchezea, na kila mmoja kwa sekunde chache tu kisha akaurudisha. Akanieleza wakati anafanya: kama konrodi ya silinda fulani, yaani kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, ina beringi iliyolika, ukiikatia moto silinda hiyo mlipuko haupo wa kuisukuma pistoni chini, kwa hiyo mlio hupungua au hupotea. Zote nne, mlio haukubadilika. Akalegeza mikanda na kuitoa, akawasha kwa nusu dakika hivi, ili kujua kama ni altaneta, pampu ya maji au puli ya krenki ambayo mpira wake umeachia. Mlio upo. Mwisho akaniambia nikanyage breki kwa nguvu na niingize D. Mlio ukabadilika, ukawa mzito na wa kukatakata. Nikarudisha N, ukarudi ko, ko, ko.

Akafungua kifuniko kidogo cha bati kule chini, akamulika tochi, akazungusha krenki kwa spana taratibu. Magari ya otomatiki hayana ile flaiwili nzito ya chuma. Yana bati jembamba la duara lenye meno pembeni, katikati limefungwa kwenye krenki, na huku nje limeshikana na torki konveta ya giaboksi. Bati langu lilikuwa na ufa uliozunguka zile bolti za katikati karibu mzunguko mzima, kama chapati iliyokatwa kwa mdomo wa kikombe. Injini ikizunguka, vipande viwili vinagongana. Na lilikuwa ni lile lile la zamani, lililohamishwa kutoka injini "iliyonoki" kwenda injini mpya.

Bati la mtumba lilikuwa shilingi elfu 70. Kushusha giaboksi na kurudisha, elfu 80. Laki na nusu jumla. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuipiga.

Sasa, ushauri. Nimeombwa ushauri.

Kwanza sikiliza. Mlio una anwani. Chukua bisibisi ndefu, usipokuwa nayo hata mpini mkavu wa jembe, na utafute inakotokea. Angalia tu nguo na mikono isikaribie mikanda na feni. Juu, kwenye tapeti kava, mlio mwepesi wa ti-ti-ti kama cherehani huwa ni valvu zilizolegea, na hupiga polepole kuliko mlio wa krenki kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja wakati krenki imezunguka mara mbili. Huo hauuzi kiwanja cha mtu. Mlio unaosikika asubuhi gari likiwa la baridi kisha unapotea likipata moto, mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika. Unazeeka nao. Ule wa kokoto kwenye kopo, unaokuja ukiipandisha Bugando na mzigo umekanyaga mafuta, huo ni moto kulipuka vibaya: taimingi, mafuta mabaya, masizi au joto limezidi. Unaweza kutoboa pistoni ukiupuuza, lakini dawa yake haianzii kwenye injini nyingine.

Konrodi yenyewe ni mlio mzito, wa chini, unaozidi injini ikipata moto na oili ikiwa nyepesi. Husikika sana ukishikilia mwendo wa kati bila kukanyaga wala kuachia, kisha ukiachia unagonga mfululizo. Huo ukiusikia, zima gari hapo hapo. Taa ya oili ikiwaka, zima hata kama uko katikati ya mzunguko wa Igoma na makondakta wanakutukana. Usiendeshe "mpaka gereji tu". Vuta.

Pili, sikiliza tena, kwa macho. Mwaga oili kwenye beseni safi uitazame juani. Kata filta kwa msumeno, ikunjue ile karatasi yake kama unakunjua kitenge. Beringi zikiwa zinalika utaona chembe za fedha au za rangi ya shaba, na sumaku haizishiki. Mwambie fundi afunge geji ya presha pale kwenye swichi ya oili. Mafundi wengi hutumia kipimo cha pauni 10 za presha kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika. Fundi anayekataa kufunga geji, mwache na sigara yake.

Tatu ni kusikiliza pia, ndugu zangu, lakini sasa nasema na mioyo. Tatizo letu sisi tunaotafuta ni kwamba tunaona aibu kuuliza. Tunamlipa fundi kwa kujiamini kwake. Mtu akisema kwa sauti kubwa "imekufa hiyo", tunaona ndiye anayejua, na yule anayesema "ngoja nipime" tunamwona mwanafunzi. Mzee wangu aliuliza maswali manne kabla ya kugusa kitu. Wewe kijana unayeuza shamba la baba yako kwa neno la mtu asiyechomoa hata kijiti cha oili, ni nani kakuroga? Uliza! Simama palepale uulize, akikasirika akasirike! Gari ni lako!

Nimepandisha sauti, samahani.

Kuna jambo jingine nililotaka kulificha. Miezi michache baada ya hapo nilikuwa nimesimama Igoma, Noah nyeupe ikapaki mbele yangu, dereva akanyanyua kiti aongeze maji. Nikachungulia, mazoea tu. Kwenye tapeti kava kulikuwa na tone la rangi ya bluu, pana kama sarafu, limechirizika kidogo kuelekea mbele. Rangi ya geti langu. Nililidondosha mwenyewe mwaka niliopaka geti, kiti kikiwa kimenyanyuliwa. Nikamuuliza injini inasemaje. Akacheka, akasema, "Mkuu, hii mashine ni jiwe. Nimefunga mtumba, haijanisumbua hata siku moja." Nikamwambia hongera. Ningefanya nini?

Basi yote haya, kasoro tone la rangi, nilimwandikia yule msomaji usiku ule ule. Nilimwandikia kwa jazba, nikamwambia asiuze hata tofali, amshughulikie fundi wake, na akipenda avuke daraja la Kigongo–Busisi kwa kuvuta aje Mwanza nimpeleke kwa mzee.

Jana jioni amenijibu kwa picha mbili. Ya kwanza ni beseni la oili, inang'aa kama imemwagiwa pambo la kucha. Ya pili ni karatasi ya filta imekunjuliwa juu ya gazeti, ina chembe za shaba kila mkunjo. Amechomoa waya wa plagi ya tatu, mlio umepotea. Fundi wake alikuwa sahihi.

Ananiuliza kama namfahamu mtu mwenye 3S nzima ya kuaminika. Namfahamu mmoja, wa Igoma, lakini haiuzi.