Samaki wangu wa kupaka alichekwa na ukoo mzima

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeolewa huu mwaka wa tatu. Ijumaa nilipika samaki wa kupaka, nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Wifi yangu akauliza, "Huyo samaki kapata ajali wapi?" Wakacheka wote, mpaka mume wangu. Wifi mwenyewe vyakula vyake utadhani vya hotelini: chapati duara tupu, pilau kila punje na yake. Mimi tui lilikatika, mafuta yakaelea juu, na samaki akavunjika mkia nilipomgeuza. Nakosea wapi?
Mama Mchekwa, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbona hukuniambia kama alibaki? Nahisi alilika mpaka miiba.

Tui limekatwa na moto. Tui zito haliachwi peke yake: unashika mwiko, unakoroga mpaka lianze kuchemka, halafu unapunguza moto. Ukigeuka kumnawisha mtoto tu, limekwenda. Na ndimu kamulia mwishoni, sufuria ikishaipuliwa. Lakini likikatika ladha ipo palepale, sura tu ndiyo imeondoka. Mkia nao ni wavu: uache upate moto kwanza, upake mafuta, na samaki umkaushe maji. Usimgeuze kwa papara. Ngozi ikiiva inabanduka yenyewe.

Sasa nikwambie siri ya gazeti hili, mhariri atanisamehe. Ile biriani ya toleo la Ramadhani niliipika mimi. Wali tuliutoa ungali na kiini, maana ukiiva sawasawa unalala kwenye picha. Nyama tuliipaka mafuta kwa brashi ing'ae. Giligilani tulibadilisha mara tatu, taa zilikuwa zinainyausha. Saa tatu nzima kwa sahani moja, na hakuna aliyeionja. Nyuma ya kamera sufuria zimerundikana, maganda ya vitunguu yametapakaa sakafuni, na khanga yangu ikapata doa la bizari ambalo mpaka leo halijatoka. Usiku ule wanangu walikula ugali na dagaa, kwa sababu mama yao alishinda "anapika".

Wala si sisi tu. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya supu ya Campbell iliweka gololi za kioo ndani ya bakuli, chini ya supu, ili nyama na mboga zionekane juu kwenye tangazo, mpaka serikali ikaikalia kooni. Gololi, mwanangu! Wewe umevunja mkia tu.

Na hizo chapati duara tupu, nakuapia zimekatwa kwa mfuniko wa sufuria. Mimi pia hufanya hivyo wageni wakija. Vile vipande vya pembeni navikaanga, navila nimesimama hapohapo jikoni, na ndivyo vitamu kuliko chapati yenyewe.

Ukitaka kupiga picha tena, piga mchana karibu na dirisha. Taa ya jikoni hufanya kila mchuzi uonekane wa juzi. Huyo wifi yako mwalike Jumapili, umwambie aje mapema. Akifika tu, mpe mbuzi na nazi tatu akune.