Picha yako imetoka gazetini bila jina lako? Anza hapa

"Picha: Mtandao." Ukiyakuta maneno hayo chini ya picha uliyoipiga wewe, usikimbilie Instagram kuwaita watu wezi. Nunua kwanza gazeti lenyewe, siku hiyohiyo, kabla masalia hayajarudi kwa wakala. Nunua nakala mbili. Toleo la mtandaoni hubadilishwa saa yoyote: jina lako likaongezwa kimyakimya, kisha ukaambiwa lilikuwapo tangu asubuhi. Karatasi haibadiliki. Andika pembeni tarehe, namba ya toleo na ukurasa.

Kama picha imetumika kwenye tovuti yao, piga skrinishoti inayoonyesha anwani nzima ya ukurasa pamoja na saa. Kisha ingiza anwani hiyo kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa ya Internet Archive, na uagize ihifadhiwe. Nakala itakayobaki huko itakuwa na tarehe na saa ambazo hukuziandika wewe, na uzito wake uko hapo. Ikiwa ni televisheni, rekodi habari nzima tangu mtangazaji anapoanza kuisoma. Sekunde chache za picha yako hazitoshi, kwa sababu utaulizwa ilitumika kwenye habari gani.

Ushahidi wa upande wako ndio unaowaangusha wengi. Mtu anasema "mimi niliiweka kwanza", na anaonyesha tarehe ya posti. Mhariri anayejua kazi hatashtuka, kwa kuwa Blogger na WordPress zote zinamruhusu mwenye blogu kubadilisha tarehe ya posti atakavyo. Kinachomaliza ubishi ni faili halisi lililotoka kwenye kamera au simu, pamoja na picha ulizopiga sekunde chache kabla na baada yake ambazo hukuzichapisha popote. Aliyechukua picha yako ana ile moja tu, mfuatano hana. Kwa hiyo ukirudi kutoka kwenye tukio usifute zile zilizotoka vibaya. Zihifadhi zote sehemu mbili tofauti, na kama unatumia Google Photos hakikisha umechagua ubora halisi, kwa sababu ule mpangilio wa kubana nafasi huzisindika picha upya.

Jaza pia taarifa za ndani ya faili: jina la mpiga picha, hakimiliki, na maneno unayotaka yaandikwe chini ya picha. Kamera nyingi za Canon na Nikon zina sehemu ya kuandika jina na hakimiliki mara moja tu, na kila picha itakayofuata italibeba jina hilo. Tatizo ni kwamba WhatsApp huziondoa taarifa hizo ukituma kwa njia ya kawaida ya picha, na hubana picha yenyewe. Ukimtumia mhariri, itume kama dokumenti. Hapo faili hufika kama lilivyo, likiwa na jina lako ndani.

Alama ya maji (watermark), yaani jina lako lililochapwa juu ya picha, haisaidii sana ikiwa pembeni kabisa. Msanifu wa kurasa huikata kwa sekunde moja. Iweke karibu na kiini cha picha, hafifu, bila kufunika uso wa mtu. Kupunguza ukubwa kunasaidia kidogo tu. Picha yenye upana wa pikseli 1,000, ikichapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inatoka na upana wa sentimita 8.5 hivi. Lakini karatasi ya gazeti huvumilia hata nukta 200, na hapo picha hiyohiyo inafika karibu sentimita 13, ambao ni upana wa kutosha kabisa kwa ukurasa wa ndani. Ukitaka kuwazuia watu wa magazeti, pikseli 600 ndiyo saizi inayoanza kuwapa shida, ingawa wasomaji wako nao wataona picha ndogo. Mimi nisingewaadhibu wasomaji kwa kosa la mtu mwingine.

Sasa barua. Iandike kwa Mhariri Mtendaji, nakala kwa mhariri wa picha na idara ya fedha, na iwe fupi:

"Toleo lenu la tarehe 12 Machi, ukurasa wa 5, limetumia picha niliyoipiga tarehe 11 Machi na kuichapisha kwenye blogu yangu kwa anwani hii. Sikuombwa ruhusa na jina langu halikuwekwa. Naomba jina langu liwekwe leo kwenye toleo la mtandaoni, masahihisho yachapwe kwenye toleo lijalo, na ankara iliyoambatanishwa ilipwe ndani ya siku 14. Faili halisi ninalo na niko tayari kulionyesha."

Usitaje mahakama kwenye barua ya kwanza. Ukiitaja, barua inaondoka mezani kwa mhariri na kwenda kwa mwanasheria wa kampuni, na mwanasheria hana haraka. Mhariri anaweza kusaini malipo wiki hiyohiyo ili jambo liishe.

Ankara iwe na namba yako ya mlipakodi, yaani TIN ukiwa Tanzania au PIN ya KRA ukiwa Kenya, namba ya akaunti, na maelezo kamili: picha moja, matumizi ya mara moja, toleo la tarehe fulani. Usishangae fedha zikipungua kidogo. Katika nchi zote mbili anayelipa anaweza kukata kodi ya zuio, nawe dai cheti cha kodi hiyo. Bei unayodai iwe ile uliyokwisha kuitangaza kwenye ukurasa wa masharti wa blogu yako. Ukurasa huu ni wa lazima. Weka bei ya ukurasa wa ndani, bei ya ukurasa wa mbele (mara mbili au tatu ya ile ya ndani ni haki), bei ya tovuti, na sentensi inayosema matumizi bila ruhusa yatatozwa mara mbili. Bila bei iliyoandikwa kabla ya ugomvi utapewa kile anacholipwa mwandishi wa mkoani kwa habari moja, na wote tunajua ni kidogo kiasi gani.

Taja pia mipaka. Mwananchi, The Citizen na Mwanaspoti ya Tanzania ni magazeti matatu ya kampuni moja, na kampuni nyingine za habari zina gazeti, redio na televisheni chini ya paa moja. Usipoandika "gazeti hili tu, toleo hili tu", picha uliyouza mara moja itazunguka nyumba nzima na kuishia maktaba yao, na mwaka ujao utaikuta imeandikwa "Picha: Maktaba".

Wakinyamaza, ziko njia, na kila moja ina kazi yake. Baraza la Habari Tanzania na Baraza la Habari la Kenya hupokea malalamiko ya maadili. Wanaweza kusema gazeti lilikosea na linapaswa kusahihisha, lakini hawakukusanyii deni. Kwa hakimiliki nenda kwenye taasisi za serikali za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya. Haki yako haisubiri usajili: Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya iliuridhia 1993 na Tanzania 1994, unaulinda ubunifu tangu unapoundwa, na unampa mwenye kazi haki ya kutambuliwa kwa jina hata akiwa amekwisha kuuza haki ya matumizi. Usajili unarahisisha tu kuthibitisha. Kenya ina pia Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, lakini huko nenda na makubaliano ya maandishi: walikubali bei, hawakulipa. Na kama aliyechukua ni tovuti iliyojengwa juu ya Blogger au WordPress.com, omba nakala iondolewe kwa utaratibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, DMCA. Unajaza anwani ya kazi yako, anwani ya nakala, tamko la nia njema, tamko la kiapo kwamba wewe ndiye mwenye haki, na saini. Jaza kwa uangalifu, maana unaapa, na mlalamikiwa akipinga ukurasa unaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipofungua shauri.

Hayo ni ya baada ya kuumizwa. Cha maana zaidi ni kuelewa kwa nini picha inachukuliwa. Jioni kurasa zinafungwa. Basi limepinduka Mbeya, gazeti halina mtu pale, na blogu ya kijana wa mjini ina picha. Mhariri wa picha ana dakika 20. Anatafuta namba ya simu kwenye blogu, haipo. Kuna fomu ya mawasiliano ambayo hujibiwa kesho kutwa. Anachukua. Ni kosa, na liendelee kuitwa kosa, lakini sehemu kubwa ya uporaji huu huzaliwa na haraka, na dawa ya haraka ni namba ya simu inayopokelewa mpaka usiku, iliyoandikwa juu kabisa ya blogu na chini ya kila picha: "Kutumia picha hii piga hapa." Akipiga, jibu ndani ya dakika 5, kubali kwa ujumbe wa maandishi wenye bei na jina litakaloandikwa, kisha tuma faili kubwa. Ukifanya hivyo mara chache namba yako inahifadhiwa, na tukio likitokea mkoani kwako unapigiwa wewe kwanza.

Uadui kati ya wanablogu na magazeti hauna mizizi mirefu kama unavyosikika. Issa Michuzi, mwanablogu maarufu wa Tanzania, alipoanza blogu yake mwaka 2005 alikuwa mpiga picha wa Daily News, gazeti la serikali. Mtu huyohuyo alikuwa ndani na nje. Kilichoongeza uchungu ni fedha na leseni. Vyumba vya habari viliwaita wanablogu makanjanja wasio na leseni wala mhariri. Zikaja kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018, TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ikadai shilingi 100,000 za maombi na milioni 1 za leseni, na mwanablogu aliyelipa akaanza kuuliza kwa nini bado anaitwa kanjanja. Swali lake ni halali. Ila leseni ya TCRA haikufanyi mwandishi mwenye ithibati: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliweka Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na ithibati hiyo ni jambo tofauti na leseni. Usijitambulishe mlangoni kama mwandishi wa habari ikiwa huna kitambulisho chake. Jitambulishe kama mwanablogu, taja blogu, onyesha leseni.

Na mikono yetu iwe safi tunapodai. Ile desturi ya kuweka kila alfajiri kurasa za mbele za magazeti ya leo inavumiliwa kwa sababu inawauzia. Uvumilivu huo si ruhusa, na ukianza kupiga picha kurasa za ndani umeingia kwenye riziki ya watu. Tukio lenyewe si mali ya gazeti, na Mkataba wa Berne umeziacha habari za siku nje ya ulinzi. Maneno ya mwandishi ni mali. Soma habari, lifunge gazeti, andika kutoka kwenye kumbukumbu zako, mpigie mtu mmoja unayeweza kumfikia aithibitishe, na litaje gazeti kwa jina ndani ya aya mbili za mwanzo pamoja na kiungo. Nukuu isizidi sentensi mbili. "Chanzo: mitandao" ni kosa lilelile tunalolilalamikia.

Kunakili kuna hatari nyingine. Habari ya gazeti ikiwa ya uongo na ikamchafua mtu, kusema "niliitoa gazetini" hakukuokoi. Kurudia kashfa ni kukashifu. Gazeti lina mwanasheria wa kumpigia simu, wewe huna. Nchini Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zilipunguza muda wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa baada ya kuarifiwa, ukatoka muda wa saa 12 ukawa wa saa 2 tu, kwa hiyo anayeweka posti usiku na kulala amezima simu yuko hatarini. Mpe mtu mmoja unayemwamini uwezo wa kushusha posti ukiwa hupatikani.

Kwa video za vituo vya televisheni, pachika ile iliyo kwenye chaneli yao ya YouTube badala ya kuipakua na kuipandisha kwako. Maonyo 3 ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanatosha YouTube kuifunga chaneli yako yote, pamoja na kazi zako halali. Usikate nembo ya kituo.

Mwandishi akikupigia kuomba namba ya chanzo chako, usiitoe papo hapo. Muulize chanzo kwanza. Huenda alikuamini wewe tu, na jina lake gazetini likamgharimu kazi. Akikubali, kubaliana na mwandishi kwa ujumbe wa maandishi, kabla ya kutuma namba, kwamba blogu yako itatajwa ndani ya habari na kwamba toleo la mtandaoni litakuwa na kiungo. Ahadi ya mdomo huishia kwa msanifu anayepunguza mistari usiku, na mstari wa shukrani ndio wa kwanza kukatwa. Kwa hiyo dai jina la blogu liwe katikati ya sentensi yenye habari, mfano "picha zilizochapishwa na blogu fulani zinaonyesha basi likiwa limelala ubavu", mahali ambapo ukilikata sentensi inavunjika.

Na wewe uliyeajiriwa chumba cha habari huku unaendesha blogu yako usiku, soma mkataba wako wa kazi leo. Kazi iliyofanywa katika ajira kwa kawaida haki zake za kiuchumi huwa za mwajiri, hata kama kamera ni yako. Omba barua inayotaja kipi ni cha gazeti na kipi cha blogu: picha za kazi uliyotumwa ni zao, za siku ya mapumziko ni zako, na habari uliyopata ukiwa kazini haiendi bloguni kabla gazeti halijatoka. Barua hiyo isainiwe na mhariri pamoja na ofisi ya rasilimali watu, kwa sababu wahariri huhama.