TJA1051 badala ya TJA1050 kwa kontroli boksi

Umeuliza kama TJA1051 yaweza kuwekwa badala ya TJA1050 kwenye kontroli boksi. Yafaa kaka, yaingia palepale, zote ni chipu za kampuni ya NXP za kutuma na kupokea ujumbe wa CAN (njia ya waya mbili ya vifaa kuongea), na pini zimekaa sawa isipokuwa ya 5, kwa 1050 hutoa volti ya rejea (Vref) na kwa TJA1051T tupu haijaunganishwa na kitu, hata datashiti yaitaja hiyo 1051 kuwa kizazi kipya zaidi, ila chukua TJA1051T tupu, yenye /3 mwisho iwache maana pini yake ya 5 yataka kupewa volti na usipoipa chipu haiamki kabisa. Agiza Mouser ama DigiKey, maduka ya mtandaoni ya vipuri vya elektroniki, hata kama shipingi ya kufika Mombasa itauma, hizi za bei ya kutupa zingine zimebanduliwa kwa bodi kuukuu zikaandikwa upya. Na kabla hujachomoa ya zamani toa betri upime kati ya zile waya mbili, CAN H na CAN L, ikisoma omu 60 hivi basi waya haijakatika wala hizo mbili hazijagusana.