Feni ya rejeta iliyotumika: mnunuzi aambiwe nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, pikapu yangu niliiondolea feni inayozungushwa na injini, nikaifungia ya umeme ya inchi 16. Sasa nimeweka rejeta kubwa yenye feni mbili, na ile ya mwanzo naiuza. Kijana wa Muheza aliinunua, akairudisha kesho yake akidai haivuti upepo, ilhali kwangu ilifanya kazi vizuri. Mnunuzi wa pili aliniuliza inakula ampea ngapi, nikakosa jibu. Nifanyeje niiuze bila lawama?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, naelekea kuamini kwamba kijana huyo hakukusingizia, wala feni yako si mbovu. Mota ya feni ya namna hii, nyaya zake zikigeuzwa, huzunguka kinyume bila kuonyesha dalili nyingine yoyote, na upepo uliotakiwa kupita kwenye rejeta kuelekea injini husukumwa mbele, ukapambana na ule unaoingia gari linapotembea. Au pengine aliifunga mbele ya rejeta ili isukume, wakati yako imetengenezwa kukaa nyuma na kuvuta. Mapanga yake yamepindwa kwa ajili ya upande mmoja, na kugeuza nyaya hakubadilishi umbo la panga. Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, mweleze mnunuzi kwamba feni ni ya kuvuta, na umpimie unene wake kwa rula, kwa sababu katika gari lililobadilishwa injini nafasi iliyobaki huwa finyu sana.

Ampea usizikisie. Fundi umeme aiunganishe na betri ya volti 12 iliyojaa, asome kipimo baada ya feni kushika mwendo, kwani inapoanza hula umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi. Mweleze mnunuzi pia kwamba injini ilikuwa imezimwa. Injini ikiwaka na oltaneta (jenereta ya gari) ikichaji betri, volti hukaribia 14 na ampea hupanda, na fyuzi huchaguliwa kwa kufuata hali hiyo. Rilei ya zamani, yaani swichi ya umeme inayoiwasha feni, usimpe, anunue mpya.

Kwa hewa yetu ya chumvi, safisha kutu ya kijani kwenye soketi, kisha tikisa panga kwa mkono: likicheza, beringi imekwisha, na hilo ulitamke mwenyewe kabla hajaligundua. Akikuuliza kama itamfikisha Lushoto akiwa na mzigo kutoka Mombo, usimwahidi, maana kuchemsha kwa injini katika mlima ule hutegemea pia rejeta, pampu ya maji na themostati (vali inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta) ya gari lake.

Bei ni hiari yako. Mimi ningeanzia nusu ya bei ya mpya. Siku ya kuuza, iegemeze nyuma ya rejeta yako ya zamani, uiwashe, kisha uweke karatasi upande wa mbele. Ikinata, ameona kwa macho yake. Halafu chora kwa rangi nyeupe mshale wa upepo juu ya kava, na waya wa chanya uuzungushie utepe mwekundu.